Faili la serikali na ramani ya jamii vinapopishana: dalili, sababu na tiba

Umepakua orodha rasmi ya shule, vituo vya afya au vituo vya basi. Umeiweka juu ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004, na viwili hivyo havipatani. Hapo wengi hukimbilia hukumu: ama serikali haijui mali zake, ama wachoraji wamezembea. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni ulinganishi wenyewe, yaani swali tulilouliza, programu tuliyofungulia faili, umbali tuliouweka. Wa pili ni faili. Ramani ni ya tatu. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayojitokeza mara nyingi zaidi na ukaguzi ulio rahisi zaidi.

Kabla ya yote, weka kando nakala ya faili kama ulivyolipakua, usiifungue kabisa, na uandike tarehe na saa uliyochota data ya ramani. Ramani hiyo hubadilika kila dakika. Bila tarehe hutaweza kurudia kesho matokeo uliyoyapata leo. Na ramani yenyewe usiiguse mpaka ufike mwisho wa ukaguzi.

"Nusu ya orodha haipo kwenye ramani"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na mara nyingi vitu hivyo vipo. Chukua vitano kati ya vile "vilivyokosekana", fungua ramani, vitafute kwa macho. Vitano vinatosha. Ukivikuta, acha kuilaumu ramani na ulikague swali lako.

Katika OpenStreetMap kitu kimoja kinaweza kuchorwa kama nukta, au kama mstari uliofungwa unaouzunguka uwanja, au kama uhusiano unaounganisha viwanja viwili vilivyotenganishwa na barabara. Ukiiomba Overpass Turbo, tovuti ya kuchotea data ya OpenStreetMap, nukta peke yake, itakuletea nukta peke yake. Shule zilizochorwa kwa bidii kuliko zote, zenye ua, majengo na geti, ndizo zitakazoonekana hazipo. Niliwahi kutumia siku mbili kuandaa orodha ya shule za kwenda kuchora, na karibu zote zilikuwa zimeshachorwa vizuri kuliko ambavyo mimi ningezichora. Dawa ni neno moja: andika `nwr` pale ulipoandika `node`, na umalizie kwa `out center` ili kila umbo lije na nukta yake ya katikati.

Linalofuata ni lebo, yaani maneno ambayo mchoraji huambatanisha na kitu kueleza ni cha aina gani. Kile ambacho wizara inakiita kituo cha afya, mchoraji mmoja kakiandika `amenity=clinic`, mwingine `amenity=doctors`, mwingine `amenity=hospital`, na yupo aliyeweka `healthcare=centre` tu akaishia hapo. Chota zote kwanza, kisha linganisha. Ukianza na lebo moja unakuwa umepima uelewano wa wachoraji kuhusu lebo, hujapima kama kituo kipo.

Halafu umbali. Nukta ya faili imepimwa getini, ya ramani ipo katikati ya uwanja wa mpira, na wewe umeweka mita 50 kuwa mwisho wa kukubali kwamba viwili ni kitu kimoja. Shule kubwa itakosekana hata kama kila mtu alifanya kazi yake sawasawa. Pima hadi ukingo wa umbo badala ya nukta ya katikati. QGIS, programu huria ya kuchambua ramani, inafanya hivyo bila taabu. Kwa vituo vya basi tatizo hugeuka: umbali ukiwa mkubwa, kituo cha upande huu wa barabara kitaunganishwa na mwenzake wa ng'ambo, na makosa yote mawili yatahesabika kuwa mafanikio. Hakuna umbali mmoja unaofaa vitu vyote. Tafuta vitu ishirini unavyovijua, pima tofauti zao, ndipo uchague.

Sababu adimu lakini yenye hila ni seva kukata kabla ya kumaliza. Usipotaja muda, Overpass huliachia swali sekunde 180. Muda ukiisha unaweza kupokea jibu pungufu lenye ujumbe wa kosa ndani yake, nawe ukalihifadhi bila kuusoma. Fungua jibu, tafuta sehemu iliyoandikwa `remark`. Ikiwa ipo, ligawe eneo vipande na uulize upya.

Vikibaki vitu baada ya hatua hizo zote, hivyo sasa ndivyo vya kwenda kutazama.

"Kila kitu kimesogea upande mmoja"

Hapa habari ni njema. Kosa linalokwenda upande mmoja kwa umbali uleule lina chanzo kimoja. Chora mshale kutoka kila nukta ya faili hadi mwenzake wa kwenye ramani. Mishale ikiwa sambamba na urefu sawa, umeshampata mkosaji: faili limepimwa kwa mfumo wa rejea (msingi ambao latitudo na longitudo huhesabiwa kutoka kwake) tofauti na ule wa setilaiti unaoitwa WGS84, ambao ndio OpenStreetMap hutumia.

Mataifa mengi yalipima ardhi yao miongo kadhaa kabla ya GPS, kila moja kwa rejea yake, na namba zilezile za latitudo na longitudo zinaangukia mahali tofauti ukibadilisha rejea. Mfano ambao yeyote anaweza kuuona ni Greenwich, Uingereza. Mstari wa longitudo sifuri uliochongwa pale chini na ule ambao simu yako inausoma kuwa sifuri vimeachana kwa takriban mita 102. Hakuna aliyekosea kupima. Kila mmoja ana rejea yake.

Soma maelezo yanayoambatana na faili, utafute namba ya EPSG, yaani namba inayotambulisha mfumo wa rejea. Ikiwa ni 4326, hiyo ni WGS84. Ikiwa ni nyingine, iambie QGIS namba hiyo wakati wa kulifungua, kisha ubadilishe kwenda 4326. Usisogeze nukta kwa mkono mpaka "zikae vizuri". Kusogeza kwa mkono kunatibu pale unapoangalia na kuharibu kilomita hamsini mbele.

Kama maelezo hayana namba, jaribu mifumo ya kitaifa inayotumika eneo hilo, mmoja mmoja, ukitumia vitu vilivyo wazi ardhini kama makutano ya barabara. Mwishowe mwandikie mwenye data umuulize. Jibu lake ni bora kuliko kubahatisha kwako.

Kama mshale wa kila sehemu unaelekea kwake, shuku picha ya setilaiti ambayo wachoraji waliifuata. Picha hizo nazo huwa zimeteleza mita kadhaa, hasa kwenye milima, na mchoraji akiifuata bila kuirekebisha, nyumba zote huteleza nayo. Washa njia za GPS zilizopakiwa na watu, uone zinapita katikati ya barabara iliyochorwa au pembeni yake. Njia moja haitoshi kuhukumu. Kumi zinazopishana kidogo tu, ziamini.

China ni habari ya peke yake. Ramani za umma huko hutakiwa kutumia mfumo wa GCJ-02, ambao husogeza nukta mamia ya mita kwa kiasi kinachobadilika kutoka mahali hadi mahali. Hapo hata mishale isiyo sambamba ina chanzo kimoja.

"Pointi zimeangukia baharini, au nchi ya mbali"

Haya hutengenezeka haraka, kwa hiyo pita nayo kwa mfuatano huu:

1. Latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Kanuni ya GeoJSON (muundo wa faili za data ya ramani) ya mwaka 2016 inataka longitudo itangulie, ilhali watu wengi husema na kuandika latitudo kwanza. Badilisha kolamu, angalia tena.
2. Zote zimerundikana kwenye sifuri na sifuri, kusini mwa pwani ya Afrika Magharibi katika Ghuba ya Guinea. Hizo ni seli zilizokuwa tupu, programu ikazijaza sifuri. Ziondoe kwenye ulinganishi na uzihesabu peke yake. Idadi yake ni habari muhimu kwa mwenye data.
3. Alama ya kutoa imepotea, nukta zikavuka ikweta au meridiani ya Greenwich. Ukiziona zimejipanga kama sura kwenye kioo, ndiyo hiyo.
4. Nukta ya desimali imeliwa. Kompyuta iliyopangwa kutumia mkato kwa desimali huweza kuisoma 6.8123 kama 68123. Ingiza kolamu hizo kama maandishi, kisha ubadilishe mwenyewe.

La tano nimelitenga kwa sababu halikupeleki baharini. Linakuacha nchi ileile, wilaya nyingine, na hivyo hupita bila kuonekana. Mpimaji aliandika digrii na dakika, 6°48′, na aliyeingiza data akaandika 6.48. Digrii moja ina dakika 60, na 48 kati ya 60 ni 0.8, kwa hiyo thamani ya kweli ni 6.8. Tofauti ya 0.32 ya digrii ya latitudo ni zaidi ya kilomita 35. Namna ya kulikamata inanifurahisha kila ninapoitumia: tazama tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta katika faili zima. Desimali za kweli zitatapakaa kutoka 00 hadi 99. Kama katika mamia ya mistari hakuna hata moja inayozidi 59, zile ni dakika. Zigawe kwa 60 na faili lote litarudi nyumbani kwake.

"Pointi nyingi zimekaa mahali pamoja"

Hesabu ni mistari mingapi ina viwianishi (latitudo na longitudo) vinavyofanana kabisa. Sababu ya kawaida ni kwamba hakuna aliyekwenda kupima: kompyuta ilipewa anwani, ikashindwa kupata nyumba, ikaweka nukta katikati ya kata au ya eneo la posta. Nukta hizo zinasema "kipo humu ndani", hazisemi "kipo hapa". Zilinganishe kwa jina na eneo, umbali uuweke kando.

Ukiona pointi zimejipanga kwenye mistari iliyonyooka kama vigae, zimekatwa desimali. Desimali tano ni kama mita moja ardhini, nne ni kama mita 11, tatu ni zaidi ya mita 100, mbili ni zaidi ya kilomita moja. Faili lenye desimali mbili haliwezi kuisahihisha ramani kuhusu mahali, hata liwe na mhuri wa nani. Linaweza kukueleza kuwa kitu kipo, na hilo nalo lina thamani yake.

Wakati mwingine lakini kurundikana ni ukweli: shule ya msingi na ya sekondari ndani ya ua mmoja, namba mbili za usajili, geti moja. Usizifute.

"Mahali panalingana, majina hayalingani"

Anza na herufi zilizoharibika. Ukiona "Ã©" pale palipotakiwa "é", faili limehifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji wa herufi wa kisasa, nawe umelifungua kwa usimbaji wa zamani wa Windows. Lifungue upya kwa usimbaji sahihi. Kamwe usirekebishe neno moja moja.

Kisha alama zinazofanana machoni lakini si moja kwa kompyuta. Sisi tunaoandika Kiswahili tunaumia hapa kuliko wengi, kwa sababu ya ng'. Hebu tazama jina "Ng'ambo" kama lilivyo katika faili, kwenye ramani, na kwenye simu ya aliyepita na kulihakiki. La kwanza lina alama iliyonyooka ya kibodi, U+0027. La pili lina iliyopinda, U+2019, ambayo programu ya kuandikia huiweka yenyewe bila kukuuliza. La tatu lina U+02BC, ile ambayo wataalamu wa herufi huihesabu kuwa herufi kamili. Mtu anasoma jina moja, kompyuta inaona majina matatu, na kituo kimoja kinaingia kwenye orodha ya "vilivyopotea" huku kikiwa kimesimama mbele ya macho yako. Kabla ya kulinganisha, tengeneza kolamu ya pili ambamo alama zote tatu zimegeuzwa kuwa moja, herufi zote ndogo, nafasi za ziada zimetolewa. Kolamu ya asili ibaki kama ilivyo.

Baada ya hapo ondoa maneno ya aina ("shule ya msingi", "kituo cha afya", na vifupisho vyake kama "S/M") na ulinganishe kilichobaki. Tazama pia lebo za `alt_name`, `old_name` na `official_name` (jina mbadala, la zamani na rasmi), maana mara nyingi mchoraji ameandika jina linalotumiwa na watu na la kwenye faili akaliweka humo. Yote mawili ni ya kweli. Lile linaloitwa na watu ndilo litakalomfikisha mgonjwa.

Kama orodha ina namba za usajili, zitumie, ni imara kuliko majina. Hakikisha tu Excel haijala sifuri za mbele: 00417 ikifunguliwa ovyo inakuwa 417 na haitapata mwenzake mpaka mwisho wa dunia.

"Ramani ina vingi kuliko orodha"

Soma kwanza orodha inahesabu nini. Mara nyingi inahesabu vilivyosajiliwa tu, au vya umma tu, au vile vinavyopokea fedha za wizara fulani. Ramani inachora kilichopo ardhini, kisajiliwe kisisajiliwe. Pengo hilo halina wa kulaumiwa.

Halafu tafuta vilivyochorwa mara mbili, nukta ya zamani ndani ya umbo jipya la kitu kilekile. Hilo ni kosa la kweli la ramani, na huzaliwa hasa pale mtu anapopakia orodha nzima bila kutazama kilichokuwepo.

Marekani, kati ya 2007 na 2008, barabara za data ya TIGER ya Ofisi ya Sensa ziliingizwa OpenStreetMap kwa mkupuo. Zilijaza nchi nzima kwa muda mfupi, na wachoraji wa kujitolea wameendelea kwa miaka mingi kunyoosha barabara zilizopinda na kufuta zisizokuwepo. Ndiyo maana utakuta lebo `tiger:reviewed=no` kwenye barabara ambazo hakuna aliyezipitia bado. Ukilinganisha faili la TIGER na barabara kama hizo zitafanana kabisa, na kufanana huko hakuthibitishi chochote. Unalilinganisha faili na kivuli chake. Soma historia ya kitu na lebo ya `source`, inayotaja chanzo, kabla ya kusema vyanzo viwili vimekubaliana.

"Orodha inasema kipo, ardhini hakipo"

Tarehe kwanza. Ile iliyo juu ya ukurasa wa kupakulia huenda ni ya kuchapisha, na upimaji ukawa wa miaka mingi nyuma. Na ramani ina mtego wake: tarehe ya toleo la mwisho la kitu haimaanishi kwamba mtu alikwenda. Huenda alirekebisha tahajia akiwa kitandani. Lebo ya `check_date`, ikiwepo, ndiyo inayosema mtu alihakiki lini.

Kituo kilichofungwa huenda kipo kwenye ramani chini ya `disused:amenity`, na swali lako la kawaida halikioni. Kitafute humo.

Sababu nyingine inahitaji mtu atoke nje. Orodha ya vituo vya usafiri wa umma ya Uingereza, NaPTAN, ina vituo vinavyoitwa vya mazoea, ambavyo havina nguzo wala kibao. Basi husimama pale kwa sababu limezoea kusimama pale. Mchoraji anapita, haoni kitu, anasema faili limekosea. Ukisimama pale wakati wa basi, au ukimuuliza anayelingoja, utasikia vingine.

Simama hapa

Kuna mahali ambapo ujuzi wa kompyuta hautoshi, na kuendelea ni kuumiza watu.

*Leseni haiko wazi.* Kuwa huria hakumaanishi kuruhusiwa kuingia kwenye ramani. OpenStreetMap iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata huria, tangu Septemba 2012. Hata data yenye CC BY 4.0, leseni huria inayodai kutaja chanzo tu, inahitaji idhini ya ziada ya maandishi kutoka kwa mwenyewe kabla ya kuingizwa. Na upande wa pili, ofisi inayotaka kunakili viwianishi vya ramani ndani ya faili lake inabeba masharti ya ODbL. Hapo mtafute mwanasheria wa ofisi.

*Unataka kupakia kwa mkupuo.* Usifanye peke yako. Utaratibu upo: andika mpango hadharani, ujadiliane na wachoraji wa eneo husika, tumia akaunti maalumu kwa kazi hiyo tu. Wakikataa, sikiliza sababu zao.

*Tofauti inahusu mpaka wa shamba, kiwanja au kijiji.* Ramani hii haikupimwa kwa ajili ya kuamua haki ya ardhi, na mistari yake isipelekwe barazani wala mahakamani. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni. Mpaka wa nchi unaogombaniwa, au wachoraji wanaofutiana kazi, peleka kwa kikundi cha OpenStreetMap Foundation kinachoitwa Data Working Group.

*Umekuta nyumba ya hifadhi ya wanawake waliokimbia ukatili, au jina na simu ya mtu binafsi.* Hata kama ofisi imekichapisha, usikiweke kwenye ramani. Waarifu waliokichapisha siku hiyohiyo, kwa faragha.

*Watu wanasubiri data hii kwa dharura,* kama mafuriko au mlipuko wa ugonjwa. Usiwape orodha uliyoisafisha nusu. Wape ya asili, pamoja na orodha ya mistari unayoitilia shaka, na uwaunganishe na mtu wa ofisi inayoimiliki.

Vilivyobaki baada ya ukaguzi wote, virudishe kwa mwenye data pia. Usiandike "faili lenu lina makosa". Andika namba ya usajili, viwianishi vya kwenye faili, viwianishi ulivyopima wewe mwenyewe na kifaa ulichotumia, tarehe uliyofika, na picha ya kibao. Mstari mmoja kwa kitu kimoja. Barua ya namna hiyo anaweza kuifanyia kazi karani yeyote, asubuhi moja, bila kuomba ruhusa ya mtu.